Picha ya Pesaro: Askofu Anasali au Anajisifu?

Mchoraji Tiziano alianza kumchora Bikira Maria wa ukoo wa Pesaro mwaka 1519, akamaliza 1526. Picha bado iko juu ya altare ileile iliyochorewa, ukuta wa kushoto wa kanisa la Frari, Venice. Aliyeigharimia, Jacopo Pesaro, amepiga magoti chini kushoto. Alikuwa askofu wa Paphos, huko Kupro, na pia kamanda wa merikebu za Papa zilizoshiriki kuiteka Santa Maura, ngome ya kisiwa cha Lefkada huko Ugiriki, kutoka kwa Waosmani (Waturuki) mwaka 1502. Nyuma yake askari mwenye deraya ameinua bendera kubwa yenye nembo ya Papa Aleksanda wa 6, na kando yake yuko mateka aliyevaa kilemba.

Wanaosema askofu anajisifu wana hoja nzito. Katika vita hivyohivyo meli za Venice ziliongozwa na Benedetto Pesaro, jamaa yake, na kaburi la fahari la Benedetto limezunguka mlango wa sakristia, chumba cha mavazi ya ibada, humohumo Frari. Kwa hiyo Jacopo alikuwa akigombea sifa na marehemu, tena kwa ngome ambayo Waosmani walirudishiwa mwaka 1503! Wanawake wa ukoo hawamo hata mmoja.

Lakini ukiishia hapo utakuwa umeiona nusu tu. Jacopo alizikwa pembeni mwa altare hiyo mwaka 1547. Picha ilikuwa sehemu ya maandalizi yake ya kifo. Maria hakuwekwa katikati kama ilivyozoeleka, amesogezwa kulia juu ya ngazi, kwa sababu muumini anayeelekea altare kuu huiona picha kwa upande. Mchoraji amemfikiria mtu anayekuja kusali. Petro anamtazama askofu, na Fransisko wa Assisi anawaombea jamaa za Jacopo waliopiga magoti chini yake, ingawa kijana mmoja wao ametugeuzia uso, anatukodolea macho sisi.

Mimi naamini sala ya Jacopo ni ya kweli, na majigambo pia ni ya kweli. Kwa mtu wa cheo chake Venice, vyote viwili vilipita mlango mmoja. Kinachonikera ni mateka. Unaweza kumtetea mchoraji kwamba mtu huyo analetwa aongoke, ila hakuna mtakatifu anayemtupia jicho. Hata Fransisko, aliyekwenda Misri mwaka 1219 kuzungumza na Sultani al-Kamil Vita vya Msalaba kati ya Wakristo na Waislamu vikiendelea, hapa kapangiwa upande wa pili, awaombee akina Pesaro peke yao.