Mwongozo wa Terminali Sasa Una Msomaji wa Pili

Tangu mwongozo wa kwanza wa Unix, mfumo endeshi wa kompyuta, ulipotoka mwezi Novemba 1971, waandishi wa maelezo ya programu za terminali, yaani zinazoendeshwa kwa amri za maandishi, wamemwandikia binadamu, msomaji anayeruka asichokihitaji, anayekumbuka alichobadilisha jana na anayesita anapoona shaka. Leo maelezo hayohayo yanasomwa pia na mawakala wa akili mnemba, yaani programu zinazopewa kazi kwa maneno ya kawaida, kisha zikatunga amri, zikaziendesha na kuhariri mafaili zenyewe. Naamini kwamba miongozo mingi ya usanidi bado haimpi msomaji huyu mambo mawili anayoyahitaji kuliko mengine yote, ambayo ni toleo linalohusika na njia ya kuthibitisha kwamba badiliko limekubali.

Nianze na toleo. Alacritty, programu ya kufungulia terminali, iliacha kuandika mipangilio yake kwa muundo wa YAML na kuhamia muundo wa TOML katika toleo la 0.13, mwishoni mwa mwaka 2023. Programu ya tmux nayo, inayogawa terminali moja kuwa madirisha kadhaa, katika toleo la 2.1 la mwaka 2015, iliondoa chaguo kadhaa za kipanya na kuweka moja tu, `mouse`, na katika toleo la 2.9 la mwaka 2019 ikaziacha chaguo za rangi za aina ya `pane-border-fg`. Makala za zamani zenye mipangilio hiyo bado zimejaa mtandaoni, na modeli za lugha zinazowaendesha mawakala zimejifunza kutoka kwa hizo pamoja na mpya, kwa hiyo si ajabu wakala akaandika faili lenye mistari ya zama mbili tofauti. Ndiyo maana sikubaliani na desturi ya kusafisha mwongozo kwa kufuta kila chaguo lililostaafu. Kulifuta kwenye mwongozo hakulifuti ndani ya modeli. Mwongozo uliotaja wazi kwamba chaguo fulani liliondolewa katika toleo fulani, ukaeleza lililochukua nafasi yake, humsaidia wakala kuliko ule uliolinyamazia.

Jambo linalonikera zaidi ni sheli, yaani programu inayopokea amri na kuziendesha. Bash, mojawapo ya sheli hizo, ikifunguliwa kama sheli ya kuingia kwenye mfumo, hutafuta `~/.bash_profile`, `~/.bash_login` na `~/.profile` kwa mpangilio huo, na kusoma la kwanza inalolipata. Ikifunguliwa katika dirisha la kawaida baada ya mtumiaji kuingia, husoma `~/.bashrc`. Ikipewa amri moja tu ya kutekeleza na kufunga, kwa kawaida haisomi hata moja kati ya hayo, na mawakala wengi huendesha amri zao kwa namna hiyo hasa. Miongozo mingi ya usakinishaji husema tu, “ongeza mstari huu kwenye `.bashrc` yako.” Binadamu atafungua dirisha jipya, ataona programu inafanya kazi, ataendelea na shughuli zake. Wakala ataongeza mstari, atajaribu amri, ataambiwa haipo, naye anaweza kuuongeza tena katika faili jingine na jingine, mpaka mtumiaji abaki na mafaili matatu yanayosema jambo lilelile. Sentensi moja inayoeleza faili hilo husomwa wakati gani, ikifuatwa na amri ya kupima kama `bash -ic 'type jina_la_programu'`, ingetosha kuzuia usumbufu huo wote.

Kuhusu uthibitisho, mfano ninaoupenda ni Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili. Amri `git config --list --show-origin` huonyesha kila mpangilio pamoja na faili ulikotoka, na hapo ubishi huisha. Ghostty, programu nyingine ya terminali iliyotolewa rasmi mwezi Desemba 2024, imefuata njia nzuri vilevile: `ghostty +show-config --default --docs` huchapisha chaguo zote na maelezo yake, na `ghostty +validate-config` hukagua faili la mtumiaji. Maelezo yanayotoka ndani ya programu yenyewe yanalingana na toleo lililosakinishwa, jambo ambalo ukurasa wa mtandaoni hauwezi kuliahidi.

Anayehifadhi mipangilio yake kwa GNU Stow, programu inayounda viungo vya kuelekeza kwenye mafaili yaliyowekwa pamoja katika folda moja, ana wajibu wa ziada. Faili analoliona wakala katika folda ya nyumbani ya mtumiaji ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye faili halisi, na `sed -i` ya GNU, amri ya kuhariri mafaili, isipoambiwa vinginevyo, hukiondoa kiungo hicho na kuweka faili la kawaida mahali pake. Kuanzia hapo, hazina ya Git, yaani folda yenye mafaili halisi, haijui tena kinachoendelea. Faili la AGENTS.md, linalobeba maelekezo kwa mawakala, ndipo mahali pa kuandika kwamba kila badiliko lifanywe ndani ya hazina, si kwenye `~/.zshrc`, faili la mipangilio ya sheli ya Zsh. Lisiwe refu, likitaja hazina ilipo, amri za kukagua na namna ya kurudisha hali ya awali, yatosha.

Faili hilo litaje pia mahali zinapokaa funguo za siri za kuingilia huduma za mtandaoni. Watu wengi huziandika ndani ya `.zshrc`, na wakala anayelisoma faili hilo ili kurekebisha rangi tu huweza kuyatuma yote yaliyomo kwa seva ya kampuni inayoendesha modeli. Funguo zihamishiwe kwenye faili la pekee, wakala anyimwe ruhusa ya kulisoma, na watunzi wa programu waoneshe utaratibu huo katika mifano yao, badala ya kuendelea kuandika `export API_KEY=` kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo.