Kabla ya Kuchangia Mashine, Mpeni Mtoto Dawa

Tangu ndugu wajue nina kifaa cha kifafa kifuani, simu haitulii. Kuna mtoto Tanga anaanguka, kuna kijana Mombasa, na swali ni lile lile: mashine hiyo huko Marekani ni bei gani, tuchangishane? Jibu langu huwaudhi: kwanza niambieni ametumia dawa gani, kwa kipimo gani, na kama hakukatiza.

Kifaa chenyewe ni kidogo, kina betri, kimekaa chini ya mtulinga wa kushoto. Waya wake unapita chini ya ngozi hadi shingoni, ukazungushwa kwenye mshipa wa fahamu uitwao vegasi. Kinatuma umeme sekunde 30, kinapumzika dakika 5, kinaanza tena, usiku na mchana.

Zile sekunde 30 hata shangazi anazisikia. Sauti inakwaruza ghafla, naye anadakia: “Mwanangu, mafua hayo hayaishi tu?” Hayakuwahi kuwapo, shangazi. Nikiwa na la kusema mbele za watu, nabandika sumaku kwa plasta juu ya kifaa, nacho kinasimama mpaka niibandue.

Sumaku hiyo hiyo ukiipitisha haraka juu ya kifaa, umeme wa ziada unatoka. Zamani nikianza kuanguka, huyu ananikandamiza miguu, yule anatafuta kijiko cha kunitia mdomoni (jamani, acheni hilo, mtamvunja mtu meno). Sasa mume wangu anapitisha sumaku, ananilaza ubavu, anaangalia saa. Mara nyingine kifafa kinakatika. Mara nyingine kinaendelea kama vile hakuna aliyefanya kitu.

Kwa hiyo sijapona, na vidonge nameza bado. Marekani ilikiidhinisha kifaa hiki mwaka 1997 kwa wale ambao dawa peke yake hazikuwatosha. Karibu nusu ya wanaowekewa hupungukiwa na mashambulizi kwa nusu au zaidi. Wanaoacha kuanguka kabisa ni wachache. Nafuu yenyewe huja polepole, kwa miezi, hata mwaka na zaidi. Daktari huongeza nguvu ya umeme kidogo kidogo kwa kompyuta yake maalumu, na betri ikiisha baada ya miaka kadhaa, unarudi kupasuliwa. Mkishamlipia mtoto upasuaji, nani atakuwa anamrekebishia huko aliko?

Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Fenobabitoni, dawa ya kifafa ya vidonge, inatumika tangu 1912 na bei yake ni nafuu. Kule Mahenge, mkoani Morogoro, Daktari Louise Jilek-Aall alikuwa akitibu wagonjwa wa kifafa tangu miaka ya 1960, na hakuhitaji kumpasua mtu.

Yule mtoto wa Tanga, nilivyosimuliwa, alipewa dawa za mwezi mmoja, zikaisha, akapelekwa kwa mganga. Hapo hamuwezi kusema dawa zimeshindwa. Mchango uanze na nauli ya kliniki na dawa za mwaka mzima, na awepo mtu wa kuhakikisha anameza kila siku. Akitumia dawa mbili zinazomfaa, kwa kipimo kamili, na bado anaanguka, nipigieni tuzungumze habari ya mashine.