Nimelipia Ukungu

Mimi ni mtu wa Lushoto. Nalisema mapema ili ujue uchungu wangu unatokea wapi. Nimezaliwa kwenye ukungu, nimechunga mbuzi kwenye ukungu, nimekwenda shule pekupeku kwenye umande unaouma kama siafu. Siku nilipomaliza darasa la saba nilipanda basi la Mombo, nikateremka ule mlima kona kwa kona, nikaapa sirudi kuishi mahali ambapo mtu anachemsha maji ya kuoga saa sita mchana. Leo nina miaka ishirini na mbili Dar es Salaam. Natoka jasho na nina raha zangu.

Basi nipe jibu: mwezi wa kwanza nilikuwa natafuta nini kusini mwa India, mita 2,240 kutoka usawa wa bahari, nimevaa soksi mbili mbili na taulo la hoteli kichwani?

Kisa ni mama mkwe. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hiyo kazi inafanyika hapa hapa nyumbani, lakini katika ukoo wa mke wangu ugonjwa usiopandiwa ndege hauhesabiwi kuwa ugonjwa. Walichanga, wakakaa kikao, wakatafuta wa kumsindikiza. Huyu ana biashara, yule ana kichanga, wa tatu ana mguu. Mwishowe wote wakanigeukia mimi, mkwe mwenye moyo.

Alifanyiwa mji wa Coimbatore, jimbo la Tamil Nadu, akafunguliwa bandeji, akaona. Alhamdulillahi. Daktari akasema turudi baada ya siku kumi aangaliwe tena. Mimi siku kumi nilishazipangia: nilale, nile, nilale. Coimbatore kuna joto la adabu kabisa. Lakini dereva wa bajaji, ambaye kila dakika anamwita mama mkwe "Amma", yaani mama, na bibi wa watu anayeyuka kwa furaha, akamwambia kuna mji juu mlimani, mzuri sana, Waingereza waliufanya makao ya serikali yao ya Madras wakati wa kiangazi. Unaitwa Ooty. Jina lake kamili ni Udhagamandalam, ukilianza kulitamka stendi, unalimaliza umeshafika.

"Baba Zuhura," mama mkwe akaniambia, "miaka mitatu nimekaa gizani. Nataka kuona."

Mkwe wako akikwambia hivyo unajibu nini?

"Sawa, mama."

Kuna treni ya kupanda huko, inaanzia Mettupalayam saa moja na dakika kumi asubuhi. Viti vya kukata mtandaoni vilishakwisha zamani, kwa hiyo nilikwenda kupanga foleni ya vile vichache vya papo kwa papo saa tisa usiku. Saa tisa usiku, ndugu yangu, nimejikunyata kama mlinzi wa godauni, ili nipelekwe kwenye baridi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba Kihindi changu chote, nilichojifunza kwenye filamu tangu utotoni, huku hakinunui hata karanga. Huku ni Kitamil. Nilimpiga mtu "namaste" yenye mikono miwili na kichwa chini, akanijibu "vanakkam", akanipita.

Treni yenyewe nitasema haki yake. Injini ya mvuke, na haivuti, iko nyuma inasukuma, kama sisi tunavyosukuma daladala iliyozima pale Buguruni. Katikati ya reli mbili kuna nyingine yenye meno, na injini ina gurudumu la meno linaloyang'ata, maana mlima umesimama: kila hatua kumi na mbili mbele, moja juu. Walifika nayo Coonoor, mji wa njiani, mwaka 1899, Ooty mwaka 1908. Madaraja 250, kona 208, mahandaki 16. Kilomita 46, na tulitumia karibu saa tano! Kwa SGR ningekuwa Dodoma, nimekula zabibu, nimeanza kurudi.

Tena kuna hili la mahandaki. Kila treni ikiingia gizani, behewa zima linapiga kelele: watoto, wazee, mabwana wenye tai. Ndiyo desturi. Handaki la kwanza mama mkwe alishika mkono wangu na kusoma Ayatul Kursi. La pili akanyamaza. La tatu nikasikia ukelele mwembamba pembeni yangu, nikadhani ni kitoto. Lilipoisha lile giza nikamkuta mama mkwe anatengeneza mtandio, anatazama nje kama si yeye. Yamebaki kumi na tatu, na yote kayapigia vigelegele.

Sasa nitazame mimi dirishani. Naona nini? Mikaratusi. Naona chai imepandwa ubavuni mwa mlima. Naona matuta ya karoti, kabichi na viazi mviringo. Wanawake wamebeba mizigo ya kuni, wamejitanda mashuka. Na ukungu unashuka taratibu, ule ule ninaoufahamu kwa harufu. Behewa zima simu juu, wanapiga picha. Wanapiga picha kabichi! Mimi hizo kabichi nilizimwagilia kwa ndoo mpaka nikachoka na maisha, hakuna aliyewahi kuja kunipiga picha.

"Subhanallah," mama mkwe anasema. Yeye ni mtu wa Pangani, kwake mlima ni chungu cha mchanga. "Baba Zuhura, hii si dunia, hii ni pepo."

"Ndiyo, mama."

Hoteli tulichukua vyumba viwili, maana mkwe halali chumba kimoja na mkwewe, na adabu hii hakuna aliyeichangia kwenye kile kikao. Hita ya chumbani inalipiwa pembeni. Maji ya moto yana saa zake, na saa zake mimi nilikuwa sijaamka. Usiku baridi ilinitafuta kama mtu ninayedaiwa. Nikavaa shati, sweta, kanzu juu yake, nikalala na viatu. Lushoto kwetu ni kama mita 1,400 tu, na nilikimbia. Huku nimeongezewa nyingine mia nane kwa fedha yangu mwenyewe.

Asubuhi nikatafuta maji ya chupa. Hakuna. Wilaya nzima ya Nilgiris imepiga marufuku chupa ndogo za plastiki, kuna mashine barabarani, unatumbukiza sarafu unakinga kwenye chombo chako. Jambo zuri, silipingi. Ila chombo nilichokuwa nacho ni birika la udhu la mama mkwe. Na mama mwenyewe alikuwa amefunga vitumbua vyake kwenye mfuko wa rambo aliouficha tangu sisi tulipoupiga marufuku mwaka 2019. Amevuka nao viwanja vya ndege vitatu. Nilitembea naye mjini moyo unadunda kama nimesindikiza magendo.

Tulikwenda ziwani. Zuri. Baadaye nikaambiwa si ziwa la Mungu, lilichimbwa na mtawala mmoja Mwingereza, John Sullivan, miaka ya 1820. Tukaenda bustani ya mimea, ya mwaka 1848, mama akataka kusimama mbele ya kila ua. Wenyeji wa milima hii, Watoda, wanafuga nyati na wanatarizi mashuka meupe kwa nyuzi nyekundu na nyeusi, kazi ya mkono tupu. Mama akaligusa moja, akaniangalia. Hakusema neno. Nililinunua. Dukani wakaniuzia na chupa ya mafuta ya mikaratusi kwa mafua, mimi ambaye bibi yangu alikuwa akinifukiza kwa majani ya mti uleule, bure, na kofi juu kwa kulia.

Siku ya tatu tukapanda Doddabetta, kilele kikubwa kuliko vyote vya huko, mita 2,637. Kuna nyumba yenye darubini, unalipa, unaangalia mabonde. Nimelipia watu wawili. Tunafika juu, ukungu umefunga kama mtu amevuta pazia. Mama akaweka jicho kwenye darubini. Akanyamaza. Akaweka jicho la pili. Kisha nikaona mabega yanatetemeka.

"Baba Zuhura," akasema kwa sauti ndogo sana, "limerudi."

"Nini, mama?"

"Mtoto wa jicho. Naona weupe mtupu. Yote mawili."

Sijui kama umewahi kumbembeleza mkweo kileleni, umati wa watu wenye kofia za sufu unakuangalia kama mtu aliyempiga mama yake. Nikamwambia ni ukungu. Hakuamini, ukungu gani wa kuingia mpaka kwenye mashine? Nikaangalia mimi, nikamwapia hata mimi sioni. Akalia zaidi: "Na wewe limekupata!" Ikabidi nimshike mkono, nimteremshe pole pole, tupite vibanda vya mahindi ya kuchoma, hadi lile wingu likabaki juu yetu na bonde likafunguka lote, chai, mapaa mekundu, barabara. Akasimama. Akafuta macho kwa kanga. Akahesabu mapaa kwa sauti mpaka thelathini na moja, kuhakikisha.

Kurudi tulichukua teksi. Chini ya Coonoor barabara ina kona 14 za kujikunja, kila moja imepigwa namba, na dereva wetu alikuwa anazikata huku anaongea na simu. Mama mkwe hana habari, yuko dirishani na macho yake mapya. Mahali fulani kwenye kona ya tano akauliza:

"Kwenu nako kuko hivi?"

Nikajisahau. Nilikuwa na baridi, nina njaa ya nyama, siku tatu nakula wali wa jani la mgomba. Nikasema, "Kuko hivi hivi, mama. Ukungu huu huu, miti hii hii. Hata kabichi."

Kimya. Kona ya sita. Ya saba.

"Miaka kumi na tano umemwoa mwanangu," akasema. "Kila Idi mnakuja Pangani kula samaki wangu. Pepo iko hapo Mombo juu, nauli ya basi tu, na hujanipeleka hata siku moja."

Nikatazama mbele. Zilikuwa zimebaki kona saba.

"Mfungo sita tutakwenda," akasema. "Mwambie mama yako aniwekee maji ya moto."

"Sawa, mama."