Kioo kwanza, dawa baadaye

Vijana wanaonijia hapa Kirumba, Mwanza, wakitaka kujifunza kuchapa picha za buluu kwa mkono, sianotaipi, huanza na swali lilelile: dawa inapatikana wapi? Hakuna aliyewahi kuniuliza kioo kinaoshwaje. Inaniuma, maana dawa yenyewe, mchanganyiko wa chumvi za chuma unaogeuka buluu juani, haina siri. Mwanasayansi Mwingereza John Herschel aliitumia tangu mwaka 1842. Kinachoua picha ni mahali unapoipaka, kioo au karatasi.

Vipande vya kioo navipata kwa mafundi wa madirisha. Nalainisha kingo kwa msasa, zisinikate. Kisha nasaga chaki, nachanganya na spiriti iwe kama uji, nasugua kwa pamba pande zote mbili, nasuuza, kikikauka nakipumulia. Ukungu ukitanda sawasawa, kimetakata. Alama ya dole gumba ikijitokeza ndani ya ukungu, rudia. Kuna kioo nilikirudia mara nne, na sijutii.

Mwaka jana niliona nisijichoshe, nikaosha kwa sabuni ya vyombo tu. Juani picha ilitoka safi, mitumbwi ya Mwaloni ikaonekana hadi kamba zake. Nilipoitia majini, utando wote ukabanduka polepole kama ganda la kitunguu, ukaelea kwenye beseni. Nilijaribu kuuinua kwa vidole, ukajikunja. Siku nzima ya kazi ilipotea.

Tangu hapo sipaki dawa kabla ya tabaka la chini: jelatini nyepesi sana, iliyolowekwa kwanza kwenye maji baridi, ikayeyushwa kwa maji ya uvuguvugu (ikichemka inapoteza nguvu ya kuganda), ikatiwa shabu ya kromu kidogo ili ikaze. Ikaushe ndani ya boksi lililofunikwa. Wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku watanasa humo, na huwatoi tena.

Karatasi nayo ina lake. Nyingi za siku hizi zimetiwa chokaa zisigeuke njano upesi, na buluu hii hufifia ikikutana na chokaa. Idondoshee siki. Ikitoa vipovu, tafuta nyingine, au iloweke kwenye maji yenye asidi ya sitriki mpaka vipovu viishe, uisuuze na kuianika.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukija Jumamosi njoo na vipande vitatu vya kioo na chaki. Dawa nitakupa mimi.