Uchotara wa Meksiko Usiwafunike Weusi Wake

Wameksiko wengi hupenda kusema kwamba wao wote ni machotara, kwa hiyo ubaguzi wa rangi hauwahusu. Siikubali kauli hiyo. Imewafunika watu wenye asili ya Afrika kwa muda mrefu mno.

Hispania ilipotawala, nasaba ndiyo iliyompa mtu daraja lake. Mtoto wa Mhispania na Mwindio, yaani mwenyeji wa asili wa Amerika, aliitwa mestizo. Wa Mhispania na Mwafrika, mulato. Mwaka 1763 mchoraji Miguel Cabrera alichora familia za namna hiyo, kila picha na jina la tabaka lake. Mwaka 1795 mfalme akatoa hata orodha ya bei: chotara wa asili ya Kiafrika katika makoloni yake angeweza kulipa reale 500, sarafu za fedha za Hispania, aondolewe unyonge wa kuzaliwa kwake. Ukatili ulioandikiwa risiti!

Baada ya uhuru, mwaka 1822, bunge lilikataza raia kutajwa kwa asili zao katika nyaraka za serikali. Nia ilikuwa njema, lakini dharau ilibaki mitaani, na sasa haikuwa na kumbukumbu ya kuithibitisha.

Vicente Guerrero, mwenye damu ya Kiafrika, aliingia urais mwaka 1829 na Septemba hiyohiyo akatangaza kukomesha utumwa. Desemba akapinduliwa, mwaka 1831 akapigwa risasi. Leo jimbo zima linaitwa Guerrero, na sehemu ya pwani ya Costa Chica, wanakoishi Weusi wengi, imo humo. Wenyeji wa pwani hiyo wamesimulia mara nyingi jinsi maofisa wa uhamiaji wanavyowadhania wageni na kuwataka waimbe wimbo wa taifa ili waaminike. Jambo hili linaniuma kuliko yote.

Katiba iliwatambua mwaka 2019 tu. Sensa ya 2020 ikawauliza, na watu zaidi ya milioni 2.5 wakajitambulisha kuwa na asili ya Afrika. Wapo wanaodai swali hilo linagawa taifa. Wanasahau kwamba walioligombania ni Weusi wenyewe, miaka na miaka. Libaki katika kila sensa. Na shuleni, kila mtoto afundishwe habari za Gaspar Yanga, aliyeongoza watumwa waliotoroka katika milima ya Veracruz mwanzoni mwa karne ya 17, mpaka Wahispania wakakubali wawe na mji wao huru.