Mtoto wa kuasiliwa na majibu ya maabara

Mtoto anayeasiliwa na wazazi wa Marekani kutoka nchi nyingine hupimwa mara mbili: kwanza kabla ya viza, kwa daktari aliyeidhinishwa na ubalozi, kisha akishafika. Watu huvitia vipimo hivyo kapu moja, wakavitetea au kuvilaani vyote. Mimi naviona mbalimbali.

Vya baada ya kufika sina ugomvi navyo. Madaktari wa watoto wa huko hushauri mtoto aonwe ndani ya wiki mbili: VVU, homa ya ini, kaswende, kifua kikuu, minyoo, madini ya risasi, macho, masikio. Mtoto wa kituo cha kulelea watoto mara nyingi hana wa kusimulia habari za afya yake. Kadi ya kliniki haipo, au ipo na tarehe zote zimejazwa kwa kalamu moja. Homa ya ini B hukaa kimya miaka mingi bila dalili, na vipimo vingine hurudiwa baada ya miezi sita, maana maambukizi ya juzi hayajajitokeza kwenye damu.

Ugumu uko kwenye vya kabla ya safari. Chukua kifua kikuu. Mtoto huchomwa kisindano mkononi, na baada ya siku mbili au tatu nesi anapima uvimbe kwa rula. Milimita 10 kwa kawaida zinatosha kumpeleka kwenye eksirei. Lakini mwenye kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, na huku kwetu wengi wanalo, anaweza kuvimba kwa ajili ya chanjo tu. Kipimo cha damu hakidanganywi na BCG, na sasa ndicho kinachotumika zaidi.

Marekani ilipokaza masharti kuanzia 2007, mtoto aliyeshukiwa aliweza kusubiri hadi wiki 8 makohozi yaoteshwe maabara, ionekane kama vijidudu vitakua, huku wazazi wameshampata kisheria. Baadaye walio na miaka 10 kushuka chini waliruhusiwa kusafiri kabla ya majibu hayo, mradi hadubini haijaona vijidudu na eksirei haionyeshi tundu kwenye mapafu. Hapo walifanya busara: mtoto mdogo hana hata nguvu ya kukohoa hayo makohozi, ataambukiza ndege nzima vipi?

Wanaotetea vipimo vya mapema wana hoja nzito. Mkataba wa The Hague wa 1993, unaohusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi, unataka ripoti ya mtoto iwe na historia ya afya yake, na mzazi aliyefichwa ugonjwa huweza kulemewa, mtoto akaachwa mara ya pili. Nakubali aambiwe yote. Nisilokubali ni majibu kugeuka kufuli la mlango. Hadi Januari 2010, VVU vilimzuia mhamiaji, mtoto naye, mpaka aombewe msamaha maalumu, ilhali alikokuwa akienda ndiko dawa ziliko.

Kenya ilisimamisha watoto wake kuasiliwa nje ya nchi mwaka 2014, Ethiopia ikaupiga marufuku 2018. Lakini hata pasipo safari, orodha ile ya vipimo vya wiki mbili ingemfaa pia mtoto wa Nakuru anayeasiliwa Nakuru. Huku swali la kwanza huwa VVU. Jibu likiwa zuri, ni nadra mtu kuuliza habari za masikio.