David Wolper na mpaka kati ya makala na tamthilia

Mwishoni mwa miaka ya 1950, David Wolper, mzaliwa wa New York aliyeingia katika biashara ya televisheni kwa kuviuzia vituo filamu za zamani, alipata picha za roketi za Kisovieti ambazo Wamarekani walikuwa hawajaziona. Alizitengenezea filamu ya makala iitwayo The Race for Space, kisha akaipeleka kwa mashirika matatu makubwa ya televisheni ya Marekani, yaani ABC, CBS na NBC. Yote matatu yaliikataa, kwa kuwa kanuni yao ilitaka makala za habari zitengenezwe na idara zao za habari peke yake. Wolper hakurudi nyumbani kulia. Alivifuata vituo kimoja kimoja, akapata mdhamini, na mwaka 1960 vituo zaidi ya 100 vikaionyesha filamu hiyo, ambayo pia iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Ninaanza na kisa hiki kwa sababu ubishi wote kuhusu kazi ya mtu huyu umo ndani yake. Anayemuunga mkono atasema kwamba mashirika matatu yalikuwa yameufungia umma dirisha la kuitazama dunia, naye akalifungua. Anayempinga atajibu kwamba kanuni ile, pamoja na harufu yake ya ukiritimba, ilikuwa na kazi ya maana: ilihakikisha kwamba kila picha iliyoitwa ya kweli ina mhariri wa habari anayeweza kuulizwa imetoka wapi. Wolper alipoupita mlango huo, alipita bila mlinzi, na katika miaka iliyofuata alizidi kwenda mbali.

Kupanda kwake kulikuwa kwa kasi. Alitengeneza mfululizo wa wasifu wa watu mashuhuri, na makala kuhusu uchaguzi wa rais wa mwaka 1960 iliyompatia Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani. Aliiuza kampuni yake kwa Metromedia, kampuni ya vituo vya utangazaji, mwaka 1964, akajitoa baadaye na kuanza upya, kisha katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 akaingia chini ya paa la kampuni ya filamu ya Warner. Alitayarisha filamu ya watoto, Willy Wonka & the Chocolate Factory, kwa fedha za kampuni ya nafaka ya Quaker Oats iliyotaka kuuza chokoleti. Mwaka 1984 alisimamia sherehe ya ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki mjini Los Angeles, ambako piano 84 zilipigwa kwa pamoja uwanjani na mtu mmoja akaruka angani kwa mashine aliyoibeba mgongoni. Mtu wa namna hiyo ana jicho la tamasha, na jicho hilo halilali anaporudi kwenye makala.

Lawama kubwa dhidi yake huanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Katika mfululizo wa Appointment with Destiny, kampuni yake ilionyesha matukio ya kale, kama vile kusulubiwa kwa Yesu na kuuawa kwa Rais Lincoln, kana kwamba mpiga picha wa habari alikuwapo siku hiyo na kamera yake begani. Mwaka 1971 ikaja The Hellstrom Chronicle, filamu kuhusu wadudu iliyoshinda Oscar ya filamu bora ndefu ya makala. Picha zake za wadudu ni za kweli na za kustaajabisha, lakini mwanasayansi anayewaongoza watazamaji, Nils Hellstrom, hakuwahi kuwapo duniani. Alikuwa mwigizaji, Lawrence Pressman, aliyepewa jina la kubuni na maneno ya kutisha kuhusu wadudu watakaoirithi dunia. Hapa siwezi kumtetea Wolper. Mtazamaji anayemwamini mtaalamu humwamini kwa sababu anadhani mtu huyo ametumia miaka maabara na porini, na ukimpa mwigizaji bila kumwambia mapema, umeazima imani yake kwa hila.

Hata hivyo, nadhani wanaozikusanya kazi zote hizi katika kapu moja wanakosea. Yule anayetazama filamu kuhusu Lincoln anajua fika kwamba mwaka 1865 hapakuwa na kamera ya sinema. Mbinu ya kuigiza picha ya habari haimdanganyi kuhusu asili ya anachokiona. Inamsogeza karibu na tukio alilolijua kwa maandishi tu. Kwa Hellstrom mtazamaji hana njia ya kujua. Maigizo yapo katika kazi zote mbili, lakini katika moja mtazamaji yuko macho na katika nyingine amefungwa kitambaa, na ni kwa kipimo hicho ningependa kuzipima kazi zake mbili zinazotugusa zaidi sisi Waafrika.

Ya kwanza ni Roots, iliyoonyeshwa na ABC kwa siku 8 mfululizo kuanzia tarehe 23 hadi 30 Januari 1977, ikitokana na kitabu cha Alex Haley kuhusu ukoo wake tangu kijana Kunta Kinte alipotekwa Gambia katika karne ya 18. Inakadiriwa kwamba Wamarekani takribani milioni 130 waliona angalau sehemu yake, na ilipata tuzo 9 za Emmy. Kwa mara ya kwanza familia nyingi za wazungu zilikaa sebuleni usiku baada ya usiku zikiitazama historia ya utumwa kwa macho ya waliotumikishwa. Hakuna makala ya kawaida iliyokuwa imefanya hivyo. Huku kwetu pia wapo watu wengi ambao hawakuwahi kukisoma kitabu cha Haley na bado wanalijua jina la Kunta Kinte.

Lakini gharama yake ilikuwapo. Haley alishtakiwa na mwandishi Harold Courlander kwa kunakili sehemu za riwaya yake, na mwaka 1978 shauri likamalizwa kwa malipo ya dola 650,000. Watafiti wa nasaba nao walionyesha kwamba viungo kadhaa vya ukoo ule havithibitishwi na kumbukumbu zilizopo. Haya yalikuwa makosa ya kitabu, lakini tamthilia iliongeza ya kwake. Kijiji cha Juffureh, ambacho matukio yake yalipigwa picha Georgia, kusini mwa Marekani, kilionyeshwa kama kijiji tulivu kilichojitenga porini, ilhali Juffureh halisi kiko ukingoni mwa Mto Gambia, karibu na kisiwa chenye ngome ya Waingereza, mahali ambapo biashara na wageni vilikuwa jambo la kila siku. Nahodha wa meli ya watumwa, aliyeigizwa na Ed Asner, alipewa dhamiri inayomsumbua, ili mtazamaji mzungu apate mtu wa kujishikiza kwake. Waigizaji wazungu waliokwisha kupendwa kwenye televisheni walipangwa kwa hesabu hiyohiyo.

Je, hesabu hiyo ilikuwa usaliti? Wapo wanaosema ndiyo, kwamba hata katika hadithi ya utumwa starehe ya mzungu ndiyo iliyotangulia. Naielewa hoja hiyo, na kuhusu nahodha nakubaliana nayo, kwa sababu inapunguza uzito wa uhalifu wenyewe. Ila naona pia kwamba Wolper alikuwa akikabiliana na shirika la biashara lililoogopa kwamba nchi ingezima runinga, na kwamba bila mbinu zake za mtu wa burudani huenda tamthilia hiyo isingeonekana kabisa, au ingeonekana usiku wa manane na kusahauliwa. Tena Roots ilikuja kama tamthilia. Waigizaji walijulikana kwa sura na majina, na hakuna aliyedhani anatazama picha zilizopigwa mwaka 1767. Mwaka 2011 serikali ya Gambia ilikibadilisha jina kisiwa kile chenye ngome, kutoka James Island kuwa Kisiwa cha Kunta Kinteh, hatua inayoonyesha jinsi jina lililobebwa na hadithi lilivyofika mahali ambapo nyaraka peke yake hazingefika.

Kazi ya pili ni Victory at Entebbe, na kwayo hukumu yangu ni kali zaidi. Ndege ya Air France ilitekwa tarehe 27 Juni 1976 na kupelekwa uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda. Makomando wa Israeli waliwaokoa mateka usiku wa kuamkia Julai 4. Mashirika ya televisheni yakaanza kukimbizana kuiigiza, na filamu ya Wolper ikatangulia, ikaonyeshwa na ABC tarehe 13 Desemba mwaka huohuo, ikiwa na nyota kama Elizabeth Taylor, Kirk Douglas na Burt Lancaster. Godfrey Cambridge, aliyekuwa akimwigiza Idi Amin, alifariki kwa ugonjwa wa moyo wakati wa upigaji picha mwishoni mwa Novemba. Mwigizaji mwingine alichukua nafasi yake, na wiki mbili tu baadaye filamu ikawa hewani.

Miezi mitano na ushei haikutosha. Dora Bloch, mateka mzee aliyekuwa amepelekwa Hospitali ya Mulago, aliuawa baada ya uokoaji, na mabaki yake hayakupatikana hadi mwaka 1979, Amin alipokwisha kuangushwa. Kwa kuwa ndege za Israeli zilitua Nairobi wakati wa kurudi, Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda walilipiziwa kisasi na kuuawa. Bruce McKenzie, aliyekuwa waziri nchini Kenya, aliuawa kwa bomu ndani ya ndege akitokea Entebbe mwezi Mei 1978. Kwa watu wa eneo letu, tukio la Entebbe lilikuwa bado linaendelea wakati Marekani inatazama mwisho wake wa furaha. Mtetezi wa Wolper anaweza kusema kwamba filamu hiyo nayo ilijitambulisha kama maigizo, kama Roots, na ni kweli. Tofauti ni kwamba Roots ilikuwa na miaka 200 ya kutazama nyuma, ilhali hapa hadithi ilifungwa kabla waliokuwa wakiiishi hawajapata nafasi ya kusema. Hapo ndipo mtu wa habari angengoja, na mtu wa burudani hakungoja kwa sababu shirika jingine lilikuwa linamfukuzia kwa nyuma.

Kuna kazi yake moja zaidi inayotuhusu, isiyotajwa sana katika ubishi huu. Katika miaka ya 1960 Wolper alitengeneza vipindi maalumu vya Shirika la National Geographic, na mwezi Desemba 1965 CBS ilionyesha Miss Goodall and the Wild Chimpanzees, kuhusu utafiti wa Jane Goodall katika hifadhi ya Gombe, Kigoma. Kwa mamilioni ya watu ilikuwa mara ya kwanza kumwona sokwe wa Gombe akiishi maisha yake mwenyewe, mbali na vizimba. Lakini hata hapa jicho la tamasha halikulala: Goodall alikuwa ameolewa na mpiga picha Hugo van Lawick tangu mwaka 1964, na bado jina la filamu lilimwita kwa heshima ya msichana asiyeolewa, kwa kuwa msichana wa Kiingereza aliye peke yake porini aliuzika vizuri zaidi. Ni dogo, nakubali, na sokwe wenyewe hawakuigizwa na mtu. Hata hivyo, watu wa Kigoma waliomwongoza na kumpikia katika milima ile hawakupata nafasi katika jina wala katika sifa.

Wolper hakuishi kuliona toleo jipya la Roots, lililoonyeshwa Marekani kuanzia tarehe 30 Mei 2016. Mtayarishaji mmojawapo alikuwa mwanawe, Mark Wolper. Safari hii wanahistoria walishirikishwa, na Juffureh ikatokea kwenye skrini kama mji wa biashara kando ya mto, wenye wapanda farasi na wafanyabiashara, miaka 39 baada ya baba yake kuionyesha dunia kijiji cha porini.